Mtoto Huyu Ataitwa Nani?

Siku moja huko Kikwe, chini ya Mlima Meru, tuliketi na familia moja kuandika habari za mtoto kabla ya ubatizo. Tulipouliza jina, baba yake akajibu: "Shida." Mama wa mtoto akatazama chini. Bibi, mzaa baba, akatueleza: "Padre, huyu amezaliwa mwaka mbaya. Mahindi yalikauka shambani, ng'ombe wakafa, na mwanangu hakuwa na kibarua. Jina ni kumbukumbu." Hatukumlaumu, maana juu ya mwaka ule alisema kweli tupu. Tulimwuliza neno moja tu: "Bibi, mwaka ule umekwisha pita. Je, mtoto huyu ataacha lini kuwa mwaka ule?"

Wazazi wapenzi, jambo hili si la Kikwe peke yake. Katika nchi yetu nzima wako akina Tabu, Mashaka, Masumbuko, Mateso na Majuto. Kwa hiyo inafaa tujifunze pamoja: jina lina nguvu gani juu ya mtoto? Hapa watu hukosea kwa namna mbili.

Wa kwanza hudhani kwamba jina ni kama hirizi: ukimwita Bahati atapata bahati, ukimwita Shida atakufa maskini. Sivyo. Huko Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alizaliwa binti akaitwa Mtumwa. Huyo ndiye Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Tena yuko binti wa Darfur, nchini Sudani, aliyetekwa na wauza watumwa angali mdogo. Kwa hofu kubwa alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake, nao watekaji wakamwita Bakhita, maana yake kwa Kiarabu ni mwenye bahati. Basi, mmoja aliitwa Mtumwa akawa malkia wa nyimbo. Mwingine aliitwa mwenye bahati huku akipigwa mijeledi. Maisha ya mtu yamo mikononi mwa Mungu na katika juhudi yake mwenyewe, wala hayakufungwa katika jina.

Wa pili husema: kama ni hivyo, jina si kitu, ni sauti tu. Hao nao wamepotea. Siti alipojulikana, watu hawakuendelea kumwita Mtumwa. Walimwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Kwa nini, kama jina si kitu? Jina ndilo neno ambalo mtoto hulisikia mara nyingi kuliko maneno yote. Huamshwa kwalo, hutumwa kwalo, huitwa kwalo mbele ya darasa zima. Mtoto haelewi habari za ukame wala ugomvi wa wakubwa; aelewa tu kwamba akiitwa, wenzake hucheka. Aweza kushinda kicheko hicho, na wengi wameshinda. Lakini kwa nini tumtwike mzigo ambao si wake?

Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba Raheli, alipokuwa akikata roho katika uzazi, alimwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Hata hivyo Yakobo, ingawa alikuwa akimlilia mke aliyempenda, alimwita mtoto Benyamini, yaani mwana wa mkono wa kuume. Hakukana msiba, bali alikataa kumwita mtoto kwa jina la msiba ule siku zote za maisha yake.

Wengine watatuuliza: Je, Padre, mwataka tuyatupe majina ya kwetu? La hasha! Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yawaagiza wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto asipewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristu. Haisemi kwamba jina lazima litoke Ulaya. Lwanga na Kizito yalikuwa majina ya Waganda kabla ya Papa Paulo VI kuwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964. Leo wazazi wa mataifa mengi huwapa watoto wao majina hayo. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 siku ya mvua, akaitwa Kambarage. Alipobatizwa mwaka 1943 akaongeza Julius, na majina yote mawili aliyachukua mpaka kaburini. Nao Wameru hawana shaka juu ya jina la mwisho: ni Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nnko au Nanyaro, maana ukoo umekwisha kulitoa. Lililo mikononi mwa wazazi ni jina la kwanza. Basi walichague kwa akili.

Twawapa mashauri matatu. Kwanza, chagueni jina mnaloweza kumweleza mtoto bila haya siku atakapouliza, "Kwa nini mliniita hivi?" Kama ni la mtakatifu, mjue maisha yake, kama ni la babu, mjue wema wake. Jina lililookotwa katika mchezo wa televisheni kwa sababu lasikika tamu halina la kumwambia mtoto. Pili, litamkeni kwa sauti, na kufikiri litakavyosikika shuleni, kazini, na siku ya arusi. Tatu, liandikeni kwa namna moja kila mahali. Andikisheni kizazi mapema, ndani ya siku 90, na herufi zile zile ziwe katika cheti cha kuzaliwa, katika daftari la ubatizo na shuleni. Mtoto aliyeandikwa Yosefu hapa na Joseph kule hupata taabu atakapoomba kitambulisho cha Taifa au kazi, ikambidi kulipia viapo kwa kosa ambalo hakulitenda.

Turudi Kikwe. Baada ya swali letu palikuwa kimya. Kisha mama wa mtoto, ambaye hakuwa amesema neno, akasema taratibu: "Mimi naitwa Tabu. Nimezoea. Lakini mwanangu sitaki azoee." Mumewe akamtazama kama mtu aliyesikia jina la mkewe kwa mara ya kwanza. Bibi akakaa kitambo, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akasema: "Mwaka ulikuwa mbaya kweli, lakini hatukufa. Aitwe Neema." Nasi tukaandika Neema, tukaongeza Yosefina, kwa heshima ya yule Bakhita aliyebatizwa mwaka 1890 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000.

Mwaka uliokumbukwa ni ule ule. Bibi hakupoteza kumbukumbu yake hata kidogo. Ila sasa, kila atakapomwita mjukuu wake aje kula, hatataja njaa iliyokuwapo. Atataja mkono uliowavusha. Nanyi wazazi, kabla hamjafika parokiani, ulizaneni nyumbani: mtoto wetu tutamwita kwa yale yaliyotuumiza, au kwa yale tunayomwombea?