Somo la Kwanza: Fizikia na Kazi ya Kupima

Embe lililoiva huanguka chini. Uji wa moto ukiachwa hupoa. Radi huonekana kabla ya ngurumo kusikika. Fizikia ni tawi la sayansi linalochunguza mambo kama haya: mwendo, joto, mwanga, sauti na umeme. Mwanafizikia hutazama, huuliza, hukisia jibu, kisha hufanya jaribio na kupima.

JARIBIO

Vifaa: uzi, jiwe dogo, jiwe kubwa, rula, na saa yenye mshale wa sekunde.

1. Funga jiwe dogo kwa uzi, ulitundike kwenye msumari. Kutoka msumari hadi katikati ya jiwe pawe na sentimita 100. Kitu kinachoning'inia na kuyumba hivi huitwa pendulamu.
2. Vuta jiwe kando kidogo, uliachie bila kulisukuma. Pima sekunde zinazopita linapokwenda na kurudi mara 10.
3. Je, jiwe kubwa litatumia muda mfupi zaidi? Andika kisio lako. Kisha tumia jiwe kubwa, urefu ukiwa ule ule, upime tena.
4. Rudisha jiwe dogo. Punguza urefu uwe sentimita 25, upime.

UMEONA NINI?

Mawe yote mawili hutumia sekunde 20 hivi. Urefu ukiwa sentimita 25, muda huwa sekunde 10 hivi. Kwa hiyo muda hutegemea urefu, wala hautegemei uzito. Tumeweza kujua hivyo kwa sababu tulibadili jambo moja tu kila mara.

Katika kitabu kilichotolewa mwaka 1638, Galileo Galilei wa Italia alieleza jinsi alivyolinganisha tufe zito la risasi na tufe jepesi la gome la mti. Nyuzi zikiwa na urefu sawa, muda ulikuwa sawa. Mwaka 1656 Christiaan Huygens wa Uholanzi alitumia pendulamu kuendesha saa.

Huenda darasa zima lilikisia kwamba jiwe kubwa litakwenda upesi. Wingi wa watu haugeuzi kipimo. Kama kipimo chako ni tofauti na cha mwenzako, usikifute ili kifanane na chake. Pimeni tena pamoja, mtafute sababu.

MASWALI

1. Kwa nini tulihesabu mara 10, wala si mara moja?
2. Kwa nini hatukubadili jiwe na urefu kwa pamoja?
3. Saa ya pendulamu inachelewa. Je, pendulamu yake irefushwe au ifupishwe?