Kupima na Kukadiria: Funzo kutoka kwa Kompresa

Mwalimu wa Sayansi hana budi kuwazoeza watoto kutofautisha jambo lililopimwa na jambo lililokadiriwa. Mfano mzuri tunaupata katika pampu ya joto, mtambo unaopasha nyumba joto katika nchi za baridi kali kama vile Norwei na Kanada. Hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huchukua joto la hewa ya nje, hata hewa hiyo ikiwa chini ya nyuzi 0, na kulileta ndani. Moyo wake ni kompresa, ambayo huvuta mvuke baridi na kuushindilia hata ukawa moto.

Baridi inapozidi, mvuke unaoingia huwa mwepesi, na kompresa hulazimika kuushindilia zaidi. Basi kiasi cha mvuke kinachosukumwa hupungua, na ule unaotoka huweza kuwa moto kupita kiasi. Yaani nguvu ya mtambo hupungua wakati ule ule inapohitajika zaidi.

Wataalamu hawawezi kupima kila hali. Hupima hali chache maabarani, kisha huunda kanuni. Kanuni iliyozoeleka ina namba 10 zitokanazo na vipimo hivyo. Hutumia halijoto mbili: ile ambayo kioevu hugeuka mvuke, na ile ambayo mvuke hurudi kuwa kioevu. Ndani ya mipaka ya vipimo kanuni huaminika. Nje yake yaweza kupotoka vibaya, na anayeitegemea huenda akauza mtambo utakaoiacha familia katika baridi.

Darasani tufanyeje?

Hatua ya 1: Watoto wazibe kwa kidole tundu la pampu ya baiskeli, wasukume mara 20, kisha waguse upande wa tundu. Watahisi joto.

Hatua ya 2: Waning'inize kopo kwa ukanda wa mpira, watie vijiko 2, 4, 6 na 8 vya mchanga, na kuandika urefu wa mpira kila mara.

Hatua ya 3: Wachore grafu, wakadirie urefu kwa vijiko 5 na kwa vijiko 40, ndipo wapime.

Kadirio la vijiko 5 litakaribia ukweli. La vijiko 40 huenda likapotoka, au mpira ukakatika. Tusiwatajie jibu mapema. Kwa kila namba tuwaulize, "Mmejuaje?" Wakiweza kusema, "Hii tumeipima, ile tumeikadiria," somo limefaulu.