Acha Nafasi kwa Mtu Usiyemjua

Somo la wiki: Matendo 8:26–40, Yohana 4:1–30



Ratiba zetu zimejaa: kazi, foleni ya matatu, mazoezi ya kwaya, chama. Mtu tusiyemjua akitutumia salamu mtandaoni, tunaiona na kupita. Yeye hana saa yake kwetu.

Mtazame Filipo. Kule Samaria mkutano ulikuwa umeshika moto, mji mzima umejaa furaha. Hapo ndipo alipotumwa kwenye barabara ya jangwa kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, kwa ajili ya mtu mmoja tu: Mwethiopia, mwekahazina wa malkia Kandake, aliyekuwa akisoma Isaya bila kuelewa.

Barabara hiyo leo iko kwenye simu zetu. Kila Alhamisi, saa mbili hadi saa nne usiku, mimi huacha nafasi nne za nusu saa. Yeyote aliye na kiungo anajaza jina na saa, kisha tunaongea. Wengine ni dada zetu walioko Riyadh na Doha. Saa zao ni sawa na zetu, basi hupiga wakishamaliza kazi. Mmoja, aliyeniruhusu nisimulie, alilia karibu dakika kumi. Ati tangu afike huko, hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Nilikuwa sijasoma hata andiko moja.

Tujifunze mambo manne.

1. Uliza kabla ya kufundisha. Filipo alianza kwa kumuuliza yule mtu kama anaelewa anachosoma. Bwana Yesu naye, pale kisima cha Yakobo, alianza kwa kumwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Nusu saa ni fupi. Ukiijaza na mahubiri, mgeni ataondoka na mzigo wake vilevile.

2. Weka saa, kisha uifunge. Filipo hakuhamia kwenye gari la Mwethiopia. Kazi ilipokwisha, Roho alimchukua, akaonekana Azoto. Mlango usiofungwa utakula saa za watoto wako na za maombi yako.

3. Linda mlango. Matapeli wapo, na wengine wanajua kulia vizuri sana! Usitume pesa, usitoe PIN wala nambari ya kitambulisho. Mwenzako wa nyumbani ajue unaongea saa ngapi. Na anayepiga akiwa mtoto, usiendelee naye faraghani. Mhusishe mtu mzima anayeaminika.

4. Jua mzigo usio wako. Aliye hapa Kenya na anapigwa nyumbani, mpe 1195. Mtoto anayeteswa, 116. Zote ni bure. Kumwelekeza mtu kwa anayeweza kumsaidia si upungufu wa imani.

Mpendwa, huenda mtu huyo usimwone tena. Filipo na Mwethiopia hatusomi popote kwamba walikutana mara ya pili. Lakini yule mtu alishika njia yake akifurahi, na hiyo ilitosha.

Swali la vikundi vya nyumbani: Ni nusu saa gani ya wiki yako ambayo mgeni anaweza kuipata, na nani nyumbani atakayekusaidia kuilinda?

Maombi: Bwana, nipe masikio kabla ya maneno, na hekima ya kujua saa ya kufungua na saa ya kufunga. Amina.