SOMO LA SHAMBANI: MAUA MACHUNGU, RAFIKI AU ADUI?



Ukipita Kakamega, Vihiga au Siaya utaona kando ya barabara mmea wenye maua ya manjano, mfano wa alizeti ndogo. Wengine huuita alizeti mwitu. Waluo husema maua makech, yaani maua machungu. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani, lakini umezoea kwetu kabisa.

Wengi tunaupanda kuwa fensi ya boma. Shida ni kwamba haujui mpaka. Ukiachwa, mbegu zinaingia shambani kwa jirani na ugomvi unaanza. Je, tuung'oe wote? Hapana. Tujifunze kuukata.

Faida yake
Katika miaka ya 1990 watafiti waliuchunguza huko Magharibi mwa Kenya. Kilo 100 za majani makavu zina karibu kilo 3½ za nitrojeni na kilo 4 za potasiamu. Hiyo ni mbolea inayosimama bure kwenye fensi huku tukilia bei ya dukani!

Kupanda
Mvua ikianza, kata vijiti vilivyokomaa, urefu wa sentimita 20 hadi 40. Vichomeke kwa kulaza kidogo, siku hiyo hiyo. Panda mstari mmoja tu, ndani ya mpaka wako.

Kuzuia usienee
1. Kata mara uonapo maua yakianza. Usingoje mbegu.
2. Vijiti vilivyokatwa usivitupe penye unyevu, vitaota. Vianike, viwe kuni.
3. Miche iliyojiotea ing'oe ingali midogo, udongo ukiwa na maji.
4. Usipoutaka mahali, chimba shina lote. Ukikata juu tu utachipuka tena.

Kutumia
Chukua majani na vichwa laini, katakata kwa panga. Weka konzi mbili katika kila shimo la mahindi au sukuma wiki, changanya na udongo, ngoja kama juma moja ndipo upande. Yanaoza upesi.

Angalia jambo moja: fosforasi yake ni kidogo, haifiki nusu kilo katika kilo 100 za majani makavu. Kama udongo wako umekosa fosforasi, majani peke yake hayatatosha. Ongeza mbolea ya dukani yenye fosforasi, hata kidogo.

Basi mnaona: panga linalozuia mmea ndilo linalolisha shamba. Mvivu wa kukata atapata magugu, na mwenye bidii atapata mbolea.

Ya kujadiliana kikundini
- Nani kati yetu ana fensi ya maua haya? Mara ya mwisho aliikata lini?
- Je, yamevuka mpaka? Tutasemaje na jirani?
- Tuchague shamba moja. Nusu tutie majani, nusu tuache, tupime mavuno pamoja.