Dungusi kakati la Arizona: mgeni atazame nini?

SWALI: Mwezi Mei nitakuwa Tucson, Marekani, kwa kaka yangu. Nikienda kutembea jangwani, nitazame nini?

JIBU: Mgeni aanze na saguaro, dungusi kakati refu kuliko yote Marekani, katika Hifadhi ya Taifa ya Saguaro iliyo pande mbili za mji huo. Huweza kupita mita 12 na kuishi zaidi ya miaka 150. Haina haraka: matawi yake ya kwanza kwa kawaida hungoja miaka 50 hadi 75.

Mei ni bahati, maana ndipo inapochanua. Ua jeupe hufunguka usiku, popo wakaja kunywa nekta. Asubuhi huja nyuki na njiwa, na alasiri limeshafumba. Kwa hiyo adamke mapema, kabla jua halijawa kali.

Kisha atafute matundu shinani. Ni kazi ya kigogota. Akishatoboa, ndege huyo haingii papo hapo. Hungoja miezi kadhaa mpaka utomvu ukauke na kufanya ukuta mgumu kama ganda la kibuyu. Akihama, humo huingia bundi mdogo asiyezidi ukubwa wa shomoro kwa mbali.

Cholla, dungusi kakati jingine, asiikaribie. Vipande vyake hunasa nguoni kwa kuguswa tu, na wenyeji huvibandua kwa kitana, si kwa vidole. Nyoka wa njuga naye hupenda vivuli vya mawe, basi mkono usitangulie jicho.