Swali na Jibu: Alama ya puli iko sawa, injini haiwaki

Swali: Nimeifanyia ovahoo Toyota 5K. Alama ya puli iko kwenye sifuri, lakini inalipukia kwenye kabureta. Distributa nimeikosea wapi?

Jibu: Alama hiyo peke yake haithibitishi kitu. Krenki huzunguka mara 2 kemu ikizunguka mara 1, hivyo sifuri hufika pistoni ya kwanza inapomaliza kugandamiza, na tena inapomaliza kutoa moshi. Nadhani distributa yako imefuata sifuri ya pili: cheche inapiga valvu ya kuingiza ikianza kufunguka, na moto unarudi kwenye kabureta. Fungua plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, zungusha krenki kwa spana mpaka upepo ukisukume kidole na alama ilingane. Hapo ndipo rota ielekee waya namba 1. Meno ya gia yamekatwa mshazari, kwa hiyo rota hujizungusha inapozama. Ianzishe nyuma kidogo, na isipokaa chini kabisa usiivute kwa bolti.

Wapo watakaosema hamisha tu waya za plagi, mradi mpangilio ubaki 1-3-4-2. Injini itawaka, kweli. Lakini fundi ajaye atakayezirudisha waya mahali pake pa kawaida ataizima upya, na atahangaika na kabureta isiyo na kosa.