Maisha ya Watu Yaandikwe Mapema

Wako wadhanio kwamba historia ya siasa ni habari za wakubwa tu. Tutazame kazi ya mwalimu mmoja. John Iliffe, Mwingereza, alifundisha historia Chuo Kikuu, Dar es Salaam, miaka ya 1960, kisha akarudi Cambridge. Mwaka 2011 alitoa kitabu cha maisha ya Olusegun Obasanjo, aliyetawala Nijeria mara mbili, kwanza kama askari, kisha kwa kura.

Lakini tangu 1973 alikuwa amehariri kitabu cha maisha ya Watanzania mbalimbali. Humo mwanafunzi wake, Daisy Sykes, aliandika habari za babu yake, Kleist Sykes, mmoja wa walioanzisha Chama cha Waafrika mjini Dar es Salaam mwaka 1929. Kleist alifariki mwaka 1949, lakini alikuwa ameacha maandishi. Yasingehifadhiwa nyumbani, mjukuu angeandika nini?

Nasi wa Isongole, hapa mpakani na Malawi, tujiulize. Waliokuwa watoto siku ya Uhuru, 1961, sasa ni wazee. Kadi ya TANU, barua na daftari za ushirika zaliwa na mchwa masandukuni. Vijana mliosoma, ketini na babu na bibi, ulizeni, andikeni majina na miaka. Wala msiandike sifa tupu: mema yasemwe, na makosa yasifichwe, kwa maana sifa bila ukweli si heshima kwa marehemu. Mzee akiisha kuzikwa, nani atajibu maswali yetu?